Kidonda Kina Kalenda Yake: Mwanafunzi wa Masaji, Soma Hapa Kabla Hujamchua Mchimbaji Aliyeumia

Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, au Mwakitolyo na machimbo ya Kahama upande wa Shinyanga, mwili wa mtu ndiyo mtaji wake. Wachimbaji wadogo wanashuka duarani na moko na nyundo, wanavuta mifuko ya mawe kwa kamba, wengine wanashinda kwenye karasha na mialo. Ikifika jioni mgongo unauma, mabega yamekaza, mikono imechubuka. Anayejua kuchua hakosi mteja huko.

Tatizo linaanza pale mteja anapokuja na jeraha. Ameumia juzi, mkono umevimba, anataka umchue haraka ili kesho arudi kazini. Pesa anayo mkononi. Wewe ndiyo kwanza unajifunza fani, unataka kumridhisha. Unafanyaje?

Jibu liko ndani ya ngozi yenyewe. Kidonda kinapona kwa kalenda yake na hakiharakishwi kwa nguvu za mkono. Ukichua mapema mno unakifumua. Ukichelewa mno kovu linagandana na kiungo kinakataa kukunja. Na mchimbaji ambaye kiganja chake hakifungi hawezi kushika moko, maana yake hana kazi.

Twende taratibu.

NGOZI INA MATABAKA MATATU

Ngozi ya mtu mzima ukiitandaza inafika karibu mita za mraba 2. Ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote tunavyoweza kuviona na kuvigusa. Ina matabaka matatu, na kila tabaka linapona kwa namna yake.

Tabaka la juu linaitwa epidemisi. Hili halina mishipa ya damu. Ndiyo maana ukikwaruzwa kidogo tu juu juu hutoki damu. Seli zake zinazaliwa chini, zinapanda juu taratibu huku zikikauka, kisha zinapukutika. Safari hiyo inachukua takribani wiki 4. Kwenye kope tabaka hili halifiki hata milimita 0.1, lakini kwenye kiganja na unyayo linaweza kufika milimita 1.5. Mtu anayeshika nyundo kila siku anaota sugu, yaani tabaka hili linazidi kuwa nene ili kujilinda. Usijaribu kumkwangua sugu zote ukidhani unamsaidia. Zile ni glovu zake.

Humo humo kwenye epidemisi ndimo zilimo seli zinazotengeneza melanini, rangi inayotukinga na jua. Tutairudia baadaye.

Tabaka la kati ni demisi. Hapa ndipo penye mambo. Kuna mishipa ya damu, neva, vinyweleo, tezi za jasho na tezi za mafuta. Kuna nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara, na nyuzi za elastini zinazoifanya ivutike na kurudi. Mfano rahisi ni mfuko wa sandarusi wa kubebea mawe: nyuzi zimefumwa huku na huku, ndiyo maana hauchaniki ovyo. Jeraha likifika kwenye demisi damu inatoka, na mara nyingi kovu linabaki.

Tabaka la chini ni mafuta na nyuzi laini zinazoishikiza ngozi kwenye misuli. Tabaka hili ndilo linaloifanya ngozi iteleze unapoisukuma. Jishike mgongo wa mkono uone inavyosogea. Kovu baya linakuwa limeunganisha matabaka yote haya pamoja, ngozi haitelezi tena. Ndiyo kazi inayomsubiri mtu wa masaji, lakini kwa wakati wake.

KALENDA YA KIDONDA

Tuchukue mfano. Mchimbaji kapiga nyundo, ikateleza, ikampasua mgongo wa mkono siku ya Jumatatu. Kaenda zahanati, kasafishwa, kashonwa, kachomwa sindano ya pepopunda. Nini kinaendelea ndani?

Dakika za mwanzo: mishipa inajibana, chembe sahani za damu zinagandana, damu inasimama. Ule utando unaojitokeza ndio kifuniko cha kwanza. Kuubandua ni kuanza upya.

Siku ya 1 hadi ya 4 au 5: eneo linavimba, linapata joto, linauma. Watu wengi wanaona uvimbe huu kama adui wa kufukuzwa. Ukweli ni kwamba hizo ni chembe nyeupe za damu zimekuja kusafisha, zinakula vijidudu na kuondoa nyama iliyokufa. Uvimbe wa kiasi ni dalili kwamba kazi imeanza. Unaopaswa kukutisha ni ule unaozidi kukua baada ya siku hizo.

Siku ya 4 hadi wiki ya 3: ujenzi. Mishipa midogo mipya inaota, kolajeni mpya inamwagwa, seli za juu zinatambaa kutoka pembeni kuja kuziba katikati. Nyama mpya inaonekana nyekundu, ina vipele vipele laini, ukiigusa kidogo inatoa damu. Kolajeni hii ya mwanzo ni dhaifu na imerundikwa bila mpangilio, kama matofali yaliyoshushwa tu kwenye kiwanja.

Wiki ya 3 hadi mwaka 1 au zaidi: kupanga na kuimarisha. Kolajeni dhaifu inabadilishwa kwa imara, nyuzi zinajipanga kufuata upande ambao ngozi inavutwa kila siku. Kovu linapungua ugumu na linalainika kidogo kidogo.

Sasa sikiliza hesabu hii, maana ndiyo inayowaponza wengi. Baada ya wiki 1 kidonda kilichofunga kina takribani asilimia 3 tu ya nguvu ya ngozi ya kawaida. Wiki ya 3 kinafika kama asilimia 20 hadi 30. Baada ya miezi 3 hivi kinakaribia asilimia 80, na hapo ndipo kinapoishia. Hakirudi tena asilimia 100.

Kwa hiyo yule mteja anayekuonyesha kidonda cha siku 8 na kusema "kimeshafunga, we chua tu" anaona mlango uliorudishiwa. Komeo bado halijawekwa.

MKONO WAKO UGUSE LINI?

Siku za mwanzo usiguse kidonda wala eneo linalokizunguka. Hiyo haimaanishi umfukuze mteja. Kama hana homa na jeraha ni la mkono tu, unaweza kumchua mgongo, shingo na miguu. Anapumzika, analala vizuri, na usingizi nao ni sehemu ya kupona. Mwelekeze aweke mkono juu ya mto ukiwa umeinuka kupita kifua, uvimbe ushuke wenyewe.

Kipindi cha ujenzi, nyuzi zikiwa bado hazijatolewa, endelea kukaa mbali. Kwa mgongo wa mkono nyuzi hutolewa kati ya siku 7 na 10, na kwenye kiganja au juu ya kiungo huchukua siku 10 hadi 14. Anayeamua ni muuguzi au daktari, si wewe wala mteja. Vidole avikunje na kuvikunjua taratibu iwapo hospitali wamemruhusu. Kama mshipa wa kukunjia kidole ulikatika ukaunganishwa, hapo usitoe ushauri wowote wa mazoezi. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa fiziotherapia, na kosa dogo linakata tena kilichoshonwa.

Kovu lenyewe unaanza kuligusa mara nyingi baada ya wiki ya 3, na kwa masharti manne: limefunga kabisa, halina gamba, halitoi majimaji, na nyuzi zilitolewa bila tatizo. Sharti moja likikosekana, subiri.

Unaanza hivi. Mikono safi, kucha fupi, mafuta kidogo yasiyo na manukato. Mafuta ya nazi au ya alizeti safi yanatosha. Tumia ncha laini ya kidole, si ukucha. Sukuma ngozi kwenda juu, chini, kushoto, kulia, kisha mizunguko midogo. Kidole kisiteleze juu ya ngozi, kisogee pamoja na ngozi. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Mfundishe mteja ajifanyie mwenyewe mara 2 au 3 kwa siku, kwa miezi kadhaa. Aone kuvutwa, asione maumivu makali. Asubuhi yake kovu likiwa limevimba au limepata joto, jana ulizidisha.

Na usimdanganye. Masaji haifuti kovu. Inachosaidia ni kupunguza muwasho na kukaza, na kuifanya ngozi isogee. Kwa mtu wa moko na nyundo hilo si dogo.

NGOZI NYEUSI HAISOMEKI KAMA KITABU KINAVYOSEMA

Vitabu vingi vya masaji vimeandikwa Ulaya na Marekani. Vinakwambia tafuta wekundu, ukibonyeza pawe peupe. Ukikaa na kitabu hicho mbele ya mteja wa Geita utatafuta wekundu hadi kuche.

Kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa ndani unaonekana kama weusi uliozidi, zambarau au kijivu, na mara nyingine rangi haibadiliki kabisa. Kwa hiyo tumia mkono. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya eneo, kisha upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto. Bonyeza kidogo usikie kama ni gumu au limejaa maji. Tazama kama ngozi imevutika ikang'aa. Muulize mteja kama maumivu yanapungua siku hadi siku au yanaongezeka.

Jambo lingine ni keloidi. Watu weusi wanazipata zaidi kuliko weupe. Kovu la kawaida lililoinuka linabaki ndani ya mipaka ya jeraha na mara nyingi linatulia lenyewe baada ya miezi. Keloidi inavuka mpaka, inatambaa kwenye ngozi ambayo haikuumia kabisa. Inapenda kifua, mabega na masikio. Muulize mteja kama alishawahi kuota ya namna hiyo, yeye au ndugu zake. Ukikuta inayokua, usiisugue kwa nguvu. Mwelekeze kwa daktari wa ngozi.

Halafu kuna ndugu zetu wenye ualbino, ambao Shinyanga na Geita tunaishi nao. Ngozi yao ina melanini kidogo sana au haina kabisa, jua linaiunguza moja kwa moja. Wewe unayemchua unaona shingo na mgongo wake ambao yeye hauoni. Ukikuta kidonda kisichopona, gamba linalorudi kila likitoka, au kinundu kinachotoa damu, mwambie siku hiyo hiyo aende hospitali. Saratani ya ngozi ikiwahiwa inatibika.

MAKOSA TUNAYOYAONA SANA

Kukanda kwa maji ya moto jeraha la leo. Mtu kateguka au kaangukiwa na jiwe asubuhi, jioni anakandwa. Joto linatanua mishipa, damu inazidi kumwagika ndani, uvimbe unakuwa mara mbili. Siku 2 za mwanzo ni baridi: kitambaa kilicholowekwa maji ya mtungi, au barafu ya dukani iliyofungwa kwenye nguo, dakika 10 hadi 15 kwa awamu. Moto ungoje.

Kuchua damu iliyovilia ili "kuitoa". Mtu akigongwa sana kwenye paja, damu inaganda ndani ya msuli. Ukiisugua kwa nguvu mapema, mwili unaweza kujenga mfupa ndani ya msuli huo. Umeelewa vizuri: mfupa, ndani ya nyama. Acha damu ifyonzwe taratibu.

Kumwagia kidonda unga wa kapsuli, au kupaka dawa ya meno kwenye sehemu iliyoungua. Unga unagandana na kuficha usaha. Dawa ya meno inaziba joto na inampa kazi muuguzi ya kuikwangua. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya.

Kusahau mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zina dawa kali za steroidi zinazokonda demisi, na nyingine zina zebaki. Ngozi ya namna hiyo ni nyembamba, inachanika kirahisi na inachelewa kupona. Ukiona mishipa midogo inaonekana usoni au vifundo vya vidole ni vyeusi kuliko sehemu nyingine ya mkono, uliza kwa heshima, kisha punguza nguvu.

Kumchua mtu aliyetoka mwaloni hajaoga. Zebaki inayotumika kunasa dhahabu inaingia mwilini zaidi kwa mvuke unaovutwa wakati wa kuchoma, lakini ngozi nayo inapitisha kiasi, hasa ikiwa na michubuko. Ukimpaka mafuta na kumsugua juu ya uchafu huo unamdhuru, na mikono yako inaondoka nao. Sabuni na maji kwanza, masaji baadaye. Hakuna mjadala hapo.

HAPA ACHA, MWAMBIE AENDE HOSPITALI

Kuna hali ambazo huna la kufanya zaidi ya kumwelekeza. Usione aibu, hata daktari wa wilaya anampa mgonjwa rufaa kwenda Bugando, Mwanza.

Kidonda chenye usaha, harufu, au michirizi inayopanda kutoka kwenye jeraha, pamoja na homa.

Kidonda kilichopata udongo na mtu hajachanjwa pepopunda. Vijidudu vyake vinaishi kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, na dalili ya mwanzo mara nyingi ni taya kukaza. Wapo wanaokuja kuchuliwa wakidhani ni baridi au uchovu.

Ndama ya mguu mmoja imevimba, ina joto na inauma, wa pili uko sawa. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukiichua inaweza kung'oka ikaenda kwenye mapafu na kumuua. Usiguse kabisa.

Mtu aliyefukiwa au kubanwa na kifusi, hata kama anatembea na kuongea. Msuli uliobanwa muda mrefu unaweza kuvimba ndani na kumwaga sumu kwenye damu, ikaharibu figo. Huyo ni wa hospitali, si wa kukandwa.

Kidonda ambacho kimemaliza wiki 4 bila dalili ya kufunga. Kunaweza kuwa na kisukari au tatizo lingine nyuma yake. Vilevile kovu la zamani la moto linalofungua kidonda kipya kisichopona. Linaweza kugeuka saratani.

CHAKULA KINASHONA KIDONDA

Kolajeni haitengenezwi na masaji. Inatengenezwa kwa protini, na mwili hauwezi kuijenga vizuri bila vitamini C. Mchimbaji anayeshinda na chai, maandazi na sigara anapona polepole, na sigara inazidi kubana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye jeraha. Bahati nzuri vinavyohitajika viko gengeni: dagaa wa Ziwa Victoria, maharage, karanga, mayai, maziwa, mapera, maembe, ubuyu. Mwambie mteja hivyo wazi. Ni ushauri wa bure, na una nguvu kuliko mafuta yoyote utakayompaka.

MASWALI 5 KABLA HUJAPAKA MAFUTA

1. Uliumia lini? Hesabu siku mwenyewe, usikubali jibu la "muda sasa".

2. Ulitibiwa wapi, na nyuzi zimetolewa?

3. Maumivu yanapungua au yanaongezeka?

4. Umechanjwa pepopunda? Una kisukari? Kuna dawa unatumia?

5. Kidole, mkono au mguu unakunja na kukunjua kama zamani? Unasikia ganzi mahali popote?

Andika majibu kwenye daftari pamoja na tarehe. Akirudi wiki ijayo unafungua, unaona kalenda ya kidonda imefika wapi.

Kuna siku daftari hilo litakukosesha hela. Mteja atakasirika, ataenda kwa jirani anayechua kila kitu. Mwache aende, lakini mwambie tarehe ya kurudi: "Kaka, leo ni siku ya 6. Njoo baada ya wiki 3 kovu likiwa limekauka, nitakufanyia kazi ya maana." Atakayerudi akakuta kiganja chake kinafunga tena, huyo ndiye atakayewaleta wenzake wote wa duara lake.